"Andika Tu Praiveti"

Maneno haya matatu nimeyasikia Changamwe, nikayasikia Kisauni, nikavuka feri nikayasikia Likoni. Ajenti wa bima anakwambia hivyo. Broka anakwambia hivyo. Rafiki yako aliyenunua gari mwaka jana naye anakwambia hivyo, tena kwa kujiamini kuliko wote. "Andika tu praiveti." Yanasemwa kwa upole, kama mtu anayekupunguzia mzigo. Mimi nasema ni mtego, na leo nataka tuutazame ulivyotegwa: nani anautega, nani ananaswa, na nani anakula nyama.

Nianze na gari lenyewe ili tuelewane. Ami yangu ni fundi wa bodi Changamwe. Mimi na binamu yangu tulinunua nissan iliyostaafu, ile ya abiria 14. Usoni imeandikwa Toyota, lakini wewe unajua kwetu matatu ya saizi ile ni nissan, basi. Tukang'oa viti vya nyuma, tukaweka kitanda cha mbao, kabati, jiko la mtungi mdogo wa gesi, betri ya pili chini ya kitanda na paneli ya sola juu ya paa. Likawa gari la kulala. Nia yetu ilikuwa kuzunguka nalo Kwale, Kilifi na Taita bila kulipia vyumba, mimi nikiandika njiani, na msimu wa likizo ukifika tulikodishe. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, naishi kwa kuandikia watu na kulipwa kwa makala. Binamu anaendesha tuktuk. Akiba yetu yote iko ndani ya bati lile. Kazi ya nyundo na msumeno iliisha kwa wiki saba. Kazi ya karatasi mpaka leo haijaisha.

Karatasi zenyewe ni tatu: logbuku, ukaguzi na bima. Logbuku inataja aina ya bodi, rangi, idadi ya abiria, injini na chasisi. Ukigeuza vitu hivyo, unatakiwa uwajulishe NTSA, gari likaguliwe na kumbukumbu zirekebishwe. Sina ugomvi na hilo. Gari ni chuma kinachokimbia katikati ya watu, na serikali ina haki ya kujua ni chuma cha aina gani. Kichekesho ni kimoja tu. Kile kituo maarufu cha ukaguzi kinachoitwa Likoni hakiko Likoni yetu. Kiko Barabara ya Likoni, Eneo la Viwanda, Nairobi. Mtu wa Likoni yenyewe anapanga foleni ya feri huku jina la mtaa wake lilishafika bara zamani.

Ugomvi wangu uko kwenye karatasi ya tatu. Katika ofisi tuliyoingia, fomu ilikuwa na mahali pa kuchagua matumizi ya gari: la kibinafsi, la biashara ya mizigo, la abiria. Hapakuwa na la nne. Tukamuuliza mama aliyekuwa anatuhudumia.

"Mama, gari hili lina kitanda na gesi. Tuandike wapi?"

"Viti vya mbele vipo, mwanangu?"

"Vipo."

"Basi hilo ni gari. Andika tu praiveti."

"Na tukilikodisha Desemba?"

"Nani atajua?"

Nani atajua? Nitakwambia ni nani. Siku unalipa, hajui mtu. Hakuna aliyetoka nje kulitazama gari, hakuna aliyeomba hata picha, na stika inatoka kabla kalamu haijakauka. Siku gari linagonga au linashika moto ndipo kampuni inapata macho. Anatumwa asesa na kamera yake. Anafungua mlango wa nyuma, anaona kitanda, anaona mtungi, anaona waya za betri, anapiga picha. Kisha anatoa ile fomu na kusoma neno moja lililoandikwa kwa mkono wako: praiveti. Yule mama wa "nani atajua" hayumo kwenye fomu. Saini ni yako.

Sasa tuingie kwenye sheria kidogo, usikimbie. Bima ya lazima kwa kila gari Kenya inatokana na sheria ya bima ya magari dhidi ya hatari kwa mtu wa tatu, Sura ya 405. Ndiyo hii tunayoiita thad pati. Shabaha yake ni nzuri: ukimgonga mtu, awepo wa kumlipa hata kama wewe huna kitu. Lakini kifungu cha 10 kinaipa kampuni mlango wa kutokea. Inaweza kwenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba haifungwi na mkataba kwa sababu ulipatikana kwa kuficha jambo la maana, au kwa kusema jambo la maana lisilo la kweli. Na jambo la maana ni lipi? Ni lile ambalo lingemfanya mtoa bima mwenye busara afikirie mara mbili kama akuchukue na kwa bei gani. Kitanda, gesi na kukodisha viko hapo hapo.

Hata mambo yakienda sawa, sheria hiyo imeweka kikomo cha shilingi milioni 3 kwa anachoweza kudai mtu mmoja kutoka kwa kampuni. Korti ikimpa aliyeumia zaidi ya hapo, tofauti inakufuata wewe. Tena bima ya praiveti kwa kawaida haikubali gari likodishwe. Kwa hiyo familia inayokulipa ilale ndani ya gari lako wikendi moja Diani inaweza kuwa imelala nje ya mkataba, na haijui. Wewe nawe hujui, maana uliambiwa ni praiveti.

Hapo ndipo hasira yangu ilipo. Fomu haina mahali pa ukweli wako, kwa hiyo inakusukuma kwenye uwongo. Uwongo huo unauzwa kwako na mtu anayelipwa kamisheni. Kampuni inachukua pesa ya uwongo huo mwaka baada ya mwaka bila kulalamika, na siku ya kulipa inagundua kwamba inauchukia uwongo. Wazee walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakutuambia aliyemchorea ramani ni nani.

Kuna watakaosema ndivyo bima ilivyo duniani kote, kwamba ni mkataba wa uaminifu wa hali ya juu na mwenye mali lazima aseme yote. Basi twende kwenye asili ya kanuni hiyo, maana haikushuka na mvua. Kesi inayotajwa kila mahali ni ya Carter dhidi ya Boehm, London, mwaka wa 1766. Carter alikuwa gavana wa Fort Marlborough, ngome ya Waingereza kisiwani Sumatra. Akakata bima ngome isije ikatekwa na adui. Wafaransa wakaiteka. Boehm, aliyetoa bima, akakataa kulipa: ati Carter alificha kwamba ngome ni dhaifu na kwamba Wafaransa wangeweza kuja. Jaji alikuwa Lord Mansfield. Alieleza kanuni ya uaminifu, ndiyo, lakini alisema inafunga pande zote mbili. Kisha akampa ushindi Carter, mwenye bima. Hoja yake ni kwamba mtoa bima aliyekaa London alijua anakatia bima ngome ya mbali wakati wa vita, angeweza kuuliza, hakuuliza, akachukua pesa. Hawezi kuichukua pesa akiwa amefumba macho kisha ayafumbue siku ya hasara.

Nimeirudia mara mbili kuisoma. Kesi inayotumiwa kututisha tuseme yote ilishindwa na kampuni isiyouliza.

Na Waingereza wenyewe, tuliorithi kwao sheria hizi, walishahama. Mwaka wa 2012 walitunga sheria mpya ya bima kwa mtumiaji wa kawaida. Mzigo wa kubahatisha ni nini kampuni ingependa kujua waliuondoa kwa mwananchi. Leo kule kazi ya kampuni ni kuuliza maswali yaliyo wazi, na kazi yako ni kuyajibu kwa uangalifu bila kupotosha. Kisichoulizwa hakigeuzwi kamba ya kukunyongea. Mwaka wa 2015 wakarekebisha na bima za biashara. Sisi bado tunavaa koti la babu ambalo mwenyewe alishalitupa.

Sisemi kule ni peponi. Wapenzi wa magari ya kulala wa Uingereza wana vita vyao na DVLA, ofisi inayosajili magari, ambayo tangu 2019 imekaza kamba: inataka gari lionekane kwa nje kuwa ni la kulala ndipo liandikwe hivyo. Wengi wamekataliwa, magari yao yamebaki kwenye karatasi kuwa van yenye madirisha. Lakini tofauti ni hii: hata ofisi ya usajili ikigoma, wako watoa bima wanaokuuliza umejenga nini, wanataka picha, wanajua kitanda na jiko ni nini, wanapiga bei na kukuandikia. Ukweli una pa kukaa.

Huku watu wanatuambia sisi ni wachache, eti nani abadilishe fomu kwa ajili ya vijana wawili na nissan yao. Jamani, tuangalie barabara zetu. Matatu yenyewe ni gari lililogeuzwa! Nissan nyingi za abiria zilishuka bandarini Kilindini zikiwa gari za mizigo, bati tupu nyuma. Mafundi wetu ndio waliozikatia madirisha na kuzifungia viti. Serikali ilipoona hatari, haikusema "andika tu praiveti." Ilitunga kanuni. Kuanzia Februari 2004, enzi za waziri John Michuki, matatu ikatakiwa iwe na kidhibiti mwendo, mikanda ya usalama na ule mstari wa manjano. Kwa bodi za magari ya abiria, KEBS ina kiwango chake, KS 372. Kwa hiyo njia ya kutoka mzigo kwenda abiria inajulikana mpaka kwenye upana wa kiti. Tunaloliomba ni njia ya kutoka abiria kwenda kitanda.

Tena si kitanda tu. Kuna gari la kuuza chakula, kinyozi wa kwenye gari, kliniki inayotembea, nissan iliyogeuzwa ya kubebea maiti. Nairobi watu wamekuwa wakitoa injini za dizeli kwenye Land Cruiser za safari na kuweka betri. Vijana wa mji huu hawana ofisi, wanajenga ofisi juu ya magurudumu manne. Kila mmoja wao atafika kwenye ile fomu, na kila mmoja ataambiwa yale maneno matatu.

Wala msiniambie mfumo hauwezi kuongeza kisanduku. Mwaka wa 2024 tuliona unavyoweza. Mswada wa Fedha ulileta kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari, isipungue shilingi 5,000 na isizidi 100,000. Nani angeikusanya? Kampuni za bima, siku unakata stika. Thamani ingepigwa kwa aina ya gari, modeli, ukubwa wa injini na mwaka lilipotengenezwa. Ona jinsi walivyotujua vizuri ghafla! Ilikuwa ni sauti ya umma, na yetu vijana barabarani, iliyofanya kodi ile iondolewe na mwishowe mswada mzima ukaanguka mwezi wa Juni. Lakini somo lilibaki: kisanduku cha kututoza huchorwa kwa wiki moja, kisanduku cha kutulinda ndicho kigumu.

Na uaminifu ukiwa ni wa pande mbili, tutazame na upande wa pili. Blue Shield iliwekwa chini ya msimamizi mwaka wa 2011. Invesco, iliyokuwa kimbilio la matatu nyingi, ilifikia mwisho kama huo Agosti 2024. Kulikuwa na watu wenye stika safi, waliolipa kila kitu na kusema kila kitu, na bado waliamka wakiwa na karatasi isiyo na mwenyewe. Sitetei ulaghai wa wenye magari. Upo, na unapandisha bei kwa wote. Nasema tu kwamba anayedai ukweli kutoka kwangu hadi nati ya mwisho naye awe tayari kuulizwa.

Hoja nzito kuliko zote ni ya usalama, na hiyo siikwepi. Kenya inazika zaidi ya watu 4,000 kwa mwaka kwa ajali za barabarani. Mtungi wa gesi ndani ya gari si mchezo. Waya mwembamba kwenye betri kubwa ni moto unaosubiri siku yake. Mtu aliyelala kitandani gari likienda hana mkanda. Kitanda kisichofungwa kwenye sakafu huwa nyundo gari likipinduka. Ami yangu alituambia hayo kabla hatujanunua hata msumari, akatulazimisha kutoboa tundu la hewa chini karibu na mtungi, maana gesi ikivuja hukaa chini. Akakataa katakata tusiguse viti vya mbele na mikanda yake. Kwa hiyo usinipigie kelele za usalama ukinifikiria mimi ndiye ninayeukimbia. Mimi ndiye niliyeomba gari likaguliwe. Aliyesema "nani atajua" ndiye aliyekimbia.

Baada ya pale tuliandika barua. Barua moja, picha kumi na mbili, orodha ya kila tulichokifunga na bei yake, na sentensi iliyo wazi kwamba tunataka kulikodisha. Tukaipeleka kwa kampuni tatu. Moja haikujibu. Ya pili ilijibu kwamba hawana bidhaa ya namna hiyo. Ya tatu imesema iko tayari kulichukua kama gari la biashara kwa bei ya juu, ikitaka kwanza ripoti ya ukaguzi na ya thamani. Bei inauma, lakini hilo ni jibu la watu wazima, na hilo ndilo tunalolifuatilia. Mpaka likamilike, gari linakaa pale pale lilipo. Binamu anazidi kunikumbusha kwamba kwa uwongo mmoja tungekuwa tumeshafika Watamu. Ni kweli. Tungefika. Swali ni tungerudi tukiwa na nani wa kutusimamia.

Ninachodai si kikubwa. NTSA waandike waziwazi, hatua kwa hatua na kwa Kiswahili, namna ya kusajili gari lililogeuzwa kuwa la kulala au la kazi, kama njia ya matatu ilivyoandikwa. Mamlaka ya Kusimamia Bima izitake kampuni ziulize maswali yao kwa maandishi, na kisichoulizwa kisiwe sababu ya kukataa dai. Bunge lifanye waliyoyafanya Waingereza mwaka wa 2012, badala ya kuendelea kutunza sheria ambayo wenyewe waliiacha. Ajenti akikujazia fomu, jina lake na saini yake ziwemo, na upewe nakala siku hiyo hiyo. Kuhusu gesi na umeme, hatuhitaji ofisi mpya: EPRA tayari inatoa leseni kwa mafundi wa umeme, na NITA tayari inawapa mafundi wa jua kali mitihani ya ufundi. Fundi mwenye cheti akague, aandike, atie saini, kampuni ipokee karatasi yake. Watu kama ami yangu wangepata kazi halali, na sisi tungelala salama.

Na nyinyi wenzangu, acheni kushangilia ujanja huu. Najua tumelelewa kuona fomu kama adui wa kuzungukwa, kwa sababu fomu nazo zimetuzunguka sana. Lakini huu si ujanja wetu. Hapa ajenti anakula kamisheni, kampuni inakula malipo, na siku ya siku kijana ndiye anayeuziwa tuktuk alipe deni la hospitali la mtu aliyegongwa Mtwapa. Huyo aliyegongwa ndiye tunayemsahau kabisa kwenye hadithi hizi. Naye ana watoto. Sheria ya Sura ya 405 ilitungwa kwa ajili yake, si kwa ajili ya ajenti wala kwa ajili yangu.

Kwa hiyo ukigeuza gari, andika barua kabla ya kujaza fomu. Weka picha. Weka risiti, hata za M-Pesa. Tuma kwa baruapepe ili tarehe ibaki. Na siku mtu akikwambia "andika tu praiveti", usibishane naye. Mpe kalamu, mwambie kwa heshima: "Sawa mama, niandikie maneno hayo hapa chini, kwamba umeliona gari lina kitanda na gesi na litakodishwa, na umenishauri niandike praiveti. Kisha utie saini." Mtazame anavyoishika ile kalamu.